Riwaya ya mtumba yenye mahakama na vichekesho: mwongozo kamili wa kuichagua, kuitibu na kuisoma ukiwa Mbeya au Iringa

Kuna aina moja ya kitabu ninayoitafuta kila nikipita Mwanjelwa: riwaya ya Kiingereza ya uhalifu, yenye kuchekesha, ambayo nusu yake inatokea mahakamani. Mtu kauawa au mkufu umeibwa, mshtakiwa ni bwege asiyejua hata kujitetea, wakili wake ana madeni, jaji anasinzia baada ya chakula cha mchana. Nazipenda riwaya hizi kwa moyo wote, na nimeona wengi wakizinunua kisha kuziacha ukurasa wa 40 wakisema hazichekeshi. Zinachekesha sana, ila utani wake umefichwa ndani ya taratibu za mahakama, na asiyezijua taratibu hizo anapita juu yake bila kuuona. Kwa hiyo sehemu ndefu ya mwongozo huu ni ya kusoma. Lakini kwanza kitabu chenyewe kipatikane, na kiwe kizima.

1. Mahali pa kutafuta

Wauzaji wengi wa vitabu vilivyotumika hutandaza turubai chini, jirani na nguo na viatu vya mitumba. Mbeya anza Mwanjelwa na Kabwe. Iringa zunguka Miyomboni na Mlandege. Wao hugawa mali yao mafungu mawili tu, vya shule na vya hadithi, basi ukiuliza habari za riwaya ya mahakama utaambiwa hakuna, hata kama ipo. Omba kuona vya hadithi vya Kiingereza, chuchumaa, pekua mwenyewe. Usiliache fungu la vya shule. Riwaya yenye jaji kwenye jalada mara nyingi hurushwa huko na mtu aliyedhani ni kitabu cha sheria.

Iringa kuna faida ya ziada: Chuo Kikuu cha Iringa na Chuo Kikuu Katoliki cha Ruaha vyote vinafundisha sheria. Jenga urafiki na wanafunzi wa mwaka wa mwisho kabla hawajafunga mizigo.

2. Kutambua kama ndicho

Dakika mbili zinatosha, ukiwa umechuchumaa palepale. Soma ukurasa wa kwanza, kisha fungua katikati utafute ukurasa wenye mistari mifupi ya swali na jibu. Hapo ndipo shahidi anapododoswa, yaani anapohojiwa na wakili wa upande wa pili, na mwandishi anayejua kuchekesha hujulikana hapo kabla ya pengine popote. Shahidi akijibu sawasawa na alivyoulizwa, neno kwa neno, huku wakili akizidi kuchanganyikiwa, umefika. Ukikuta kurasa tatu mfululizo za damu na maelezo ya bunduki, hicho ni kitabu kingine. Labda ni kizuri, ila sicho ulichokitafuta.

Jalada nalo husema. Kwa miongo mingi wachapishaji wa Penguin walizipa riwaya zao za uhalifu jalada la kijani, kwa hiyo kitabu chembamba cha kijani kilichofifia usikiruke. Jihadhari na matoleo yaliyofupishwa, hasa yale yenye riwaya tatu au nne ndani ya jalada moja gumu, na yale yaliyorahisishwa kwa wanaojifunza Kiingereza. Anayefupisha huanza kwa kukata mazungumzo ya pembeni, na utani ndiko unakokaa.

3. Hesabu kurasa kabla ya kutoa hela

Hatua hii niliiruka mwaka nilioanza, na bado inaniuma. Nilinunua riwaya kwa muuzaji mmoja, nikaisoma usiku tatu kwa mshumaa maana umeme ulikuwa unakatika, na wakili aliposimama kutaja muuaji, karatasi zikaisha. Zilikuwa zimenyofoka kurasa sita. Katika vitabu vya aina nyingine ungeweza kukisia mwisho. Katika riwaya ya uhalifu kurasa sita za mwisho ndizo ulizolipia.

Basi fanya hivi. Anza nyuma. Vitabu vingi vya jalada jepesi humalizia na kurasa za matangazo ya vitabu vingine, na matangazo hayo hudanganya: unayaona yapo, unadhani hadithi imekamilika. Rudi nyuma mpaka mwisho wa hadithi yenyewe. Ukurasa wa mwisho wa sura kwa kawaida huacha nafasi tupu chini yake. Ukikuta maandishi yamejaa hadi chini na sentensi imekatika, rudisha kitabu.

Baada ya hapo fuata namba za kurasa, si moja moja, ila pale unapoona mgongo umepasuka. Vitabu hivi vimeunganishwa kwa gundi tu, bila uzi. Gundi ikizeeka inakuwa ngumu kama ukoko, na kurasa huchomoka vipande vizima pale mgongo ulipovunjika. Chunguza mpasuko kwanza, utaokoa muda.

Angalia pia maandishi ya kalamu. Msomaji aliyetangulia anaweza kuwa amezungushia jina la muuaji. Mpe rafiki apekue kurasa za mbele kwa niaba yako, akuambie tu kama pamechafuliwa. Na ukiona muhuri wa maktaba, tafuta alama ya kuonyesha kimeondolewa rasmi kwenye orodha yao. Kama haipo, mweleze muuzaji, na kitabu kirudishwe. Maktaba za mikoa yetu hazina riwaya za kumwaga.

4. Soma ukurasa wa haki

Ukurasa ule wa nyuma ya jina la kitabu, wenye maandishi madogo, watu huuruka. Usiuruke. Mwaka ulioandikwa pale hubadilisha hadithi nzima. Ikiwa riwaya ni ya Uingereza na ilitoka kabla ya 1965, mshtakiwa wa mauaji anaweza kukabiliwa na kitanzi. Utekelezaji wa adhabu hiyo kwa mauaji ulisimamishwa mwaka huo na kufutwa moja kwa moja mwaka 1969. Kicheko cha riwaya ya 1950 kina kamba nyuma yake, na mwandishi alijua msomaji wake anaiona. Kabla ya 1972 utasoma habari za majaji wanaosafiri mji hadi mji kusikiliza kesi kubwa. Baada ya hapo utakutana na Crown Court, mahakama iliyochukua nafasi ya mtindo huo.

Kama tarehe imechanika, zipo alama nyingine. Namba ya ISBN, ile ya kutambulisha kitabu, yenye tarakimu 10 ilianza kutumika kimataifa mwaka 1970, na ya tarakimu 13 mwaka 2007. Ukiona bei ya jalada imeandikwa 3/6, hiyo ni shilingi tatu na peni sita, fedha ya Uingereza ya kabla ya Februari 1971: shilingi 20 kwa pauni, peni 12 kwa shilingi. Ndani utakuta pia "guinea", yaani shilingi 21. Ada za mawakili zilihesabiwa kwa guinea, na wakili anayejadili guinea mbili huku kodi ya nyumba imemshinda ni kichekesho cha kudumu katika vitabu hivi.

5. Bei

Elfu mbili hadi elfu tano ndiyo niliyozoea kulipa. Salimia kwanza, ongea mengine, kisha ulize. "Kaka, hiki unaniachiaje?" "Chukua elfu nne, mwalimu." "Mgongo umepasuka huu, kaka, nitakwenda kuushona mwenyewe. Pokea mbili na nusu." Sema kasoro ya kweli, usiibuni. Ukinunua viwili kwa pamoja, cha pili hushuka sana. Namba ya simu ya muuzaji ichukue; akishajua unachopenda atakuwekea.

6. Kukitibu nyumbani

Hali ya hewa yetu ni adui wa karatasi. Mbeya mvua huanza Novemba na kuendelea hadi Aprili au Mei, Tukuyu ndiyo usiseme, na baada ya hapo inakuja baridi ya Juni na Julai ambayo haikaushi kitu. Kitabu cha mtumba hufika nyumbani na unyevu tumboni, basi usikipange na wenzake siku hiyohiyo.

Kisimamishe wima, kurasa zimetawanyika kama feni, chumbani penye hewa inayopita. Kivulini. Karatasi ya bei nafuu imetengenezwa kwa rojo ya mbao ambayo haikuondolewa lignini, kile kinachoupa mti ugumu, na mwanga huharakisha kuigeuza kuwa ya kahawia na kuikausha hadi ivunjike. Kwa hiyo jua kali la saa sita linakikausha kitabu na kukizeesha kwa pamoja. Kama kimelowa kabisa, chomeka karatasi za chooni kila baada ya kurasa kumi, zibadilishe kila zinapolowa.

Ukungu ukishakauka na kuwa kama vumbi, toka nje, vaa barakoa, na uufute kwa brashi laini ya rangi ukielekeza upande upepo unakokwenda. Usiufute ukiwa mbichi, utaupaka kurasa nzima. Harufu ya stoo huondoka kwa mkaa: weka vipande vya mkaa mkavu kwenye bakuli, bakuli ndani ya ndoo yenye mfuniko, kitabu pembeni yake bila kugusana, funga wiki mbili. Nimejaribu manukato na sabuni ya unga. Mkaa umezishinda zote.

Karatasi iliyochanika usiitie seloteipu. Baada ya miaka michache itageuka njano, itaachia, na gundi yake itabaki ikinata kurasa za jirani. Pika gundi ya unga wa ngano: kijiko kimoja cha unga, vijiko vitano vya maji, koroga kwenye moto mdogo mpaka iwe kama uji mzito unaong'aa, ipoe. Chukua karatasi nyepesi inayoonyesha maandishi, chana (usikate kwa mkasi, ukingo uliochanwa hushika vizuri zaidi) ukanda mwembamba, paka gundi kidogo sana, bandika. Weka nailoni juu na chini, funga kitabu, kandamiza kwa tofali lililofungwa kanga usiku mzima. Gundi hii huchacha, basi pika ya siku moja.

Kurasa zilizochomoka zinahitaji gundi nyeupe ya seremala. Panga kurasa, zigonge mezani mpaka ukingo ulingane, paka mstari mwembamba kama uzi kwenye ukingo wa ndani, zirudishe mahali pake, funga, tofali tena. Na usifungue kitabu cha gundi mpaka kilale bapa, hasa asubuhi ya kipupwe. Kwenye baridi gundi kuukuu haipindi, inavunjika.

7. Kusoma: ijue mahakama yao kwa kuitazama yetu

Hapa ndipo penye utamu.

Kwetu wakili ni wakili. Anakusikiliza ofisini, anaandika hati, kisha anasimama mbele ya hakimu, mtu yuleyule. Uingereza kazi hiyo imegawanywa. Kuna "solicitor", anayekutana na mteja na kuandaa kesi, na "barrister", anayevaa wigi la manyoya ya farasi na kwenda kusema mahakamani. Wa pili kwa kawaida hupata kazi kupitia wa kwanza, na ada yake huombwa na karani wa ofisi yao. Utani mwingi unatoka humo: wakili mkubwa anayemwogopa karani wake, solicitor anayemjua mteja kuwa mwongo akikutana na barrister ambaye hataki kuambiwa. Ukiwachanganya hawa wawili, nusu ya kitabu imepotea.

Kubwa la pili ni jopo. Kule kesi nzito huamuliwa na raia 12 waliookotwa kwenye orodha ya wapiga kura, nao ndio husema ana hatia au hana; jaji huwaongoza kwenye sheria na kutoa adhabu. Sisi tuna kumbukumbu ya wazee wa baraza waliokaa na jaji wa Mahakama Kuu kwenye kesi za mauaji, lakini wazee walitoa maoni tu, na jaji hakufungwa nayo. Jopo la Uingereza linafunga. Ndiyo maana wakili wa riwaya hizi haongei na jaji hata anapomtazama jaji: anaongea na mama mwenye kofia kwenye safu ya mbele ya jopo. Tangu 1967 wanaweza kuamua kwa kura 10 dhidi ya 2. Katika riwaya ya kabla ya hapo, mbishi mmoja aliweza kukwamisha kesi nzima, na waandishi walimtumia mbishi huyo vizuri mno.

Kisha maneno. Kamusi ya kawaida itakudanganya, kwa sababu mawakili wa Kiingereza wameyachukua maneno ya nyumbani na kuyapa kazi nyingine. "Brief" ni jalada la kesi analokabidhiwa barrister, limefungwa utepe wa waridi. "Silk" ni wakili mwandamizi, kwa sababu ya joho lake la hariri. Herufi QC baada ya jina zilimaanisha wakili wa Malkia, na tangu Septemba 2022, alipofariki Malkia Elizabeth, ni KC, wa Mfalme. "Bar" haiuzi bia, ni jumuiya ya mawakili hao. "Inn" si gesti. London kuna nne, Lincoln's Inn, Gray's Inn, Inner Temple na Middle Temple, nazo ndizo huwapa barrister sifa ya kuitwa hivyo. Kwa karne nyingi mwanafunzi alitakiwa kula idadi fulani ya milo kwenye ukumbi wa Inn yake kabla hajawa wakili. Ukisoma kuwa kijana "alikula hadi akawa wakili", mwandishi hajabuni.

Kichwa cha kesi, "R v" na jina la mshtakiwa, kinalingana na "Jamhuri dhidi ya" ya kwetu. R ni mfalme au malkia kwa Kilatini. Wakili akimwita mpinzani wake rafiki yangu msomi, sikiliza vizuri. Hata huku mawakili huitana wasomi, na ye yote aliyewahi kukaa mahakamani anajua kwamba heshima ikizidi, ugomvi umeiva.

Kama riwaya ni ya Marekani, badilisha ramani. Mwendesha mashtaka huko mara nyingi ni mtu aliyechaguliwa kwa kura, kwa hiyo anawaza uchaguzi hata anapomhoji shahidi, na ndiko mawakili wanakoruka kupinga swali kwa sauti. Nyundo ya jaji pia ni ya Marekani. Majaji wa Uingereza hawaigongi.

Soma na karatasi pembeni. Gawa mara mbili kwa mstari: upande mmoja andika kila shahidi alichosema alipoulizwa na wakili wa upande wake, upande wa pili alichosema alipododoswa. Ukurasa mmoja unatosha riwaya nzima. Katika riwaya hizi mwandishi hutupa ushahidi wa kweli ndani ya mzaha, kwa kuwa msomaji anayecheka halindi mlango. Nikicheka sana, naandika.

8. Nenda ukakae mahakamani

Nawahimiza hili hata wasiopenda kusoma. Kesi zetu husikilizwa hadharani, isipokuwa chache zinazofungwa kwa sababu maalumu kama za watoto. Anza Mahakama ya Mwanzo iliyo karibu nawe, ambako siku zote lugha imekuwa Kiswahili. Tangu marekebisho ya sheria ya 2021 Kiswahili ndicho lugha ya mahakama kwa jumla, basi hata Mahakama Kuu, Kanda ya Mbeya au ya Iringa, hutakosa cha kufuata. Zima simu kabisa, usipige picha, simama hakimu anapoingia, keti nyuma, usicheke.

Asubuhi moja tu itakupa vitu ambavyo kamusi haiwezi. Utasikia "upelelezi bado haujakamilika" na kuona uso wa mama aliyetoka Chunya na nauli ya kuazima. Utaelewa kwa nini wakili wa riwaya anaomba ahirisho kwa sauti ya unyenyekevu kiasi kile. Wiki ya Sheria, mwishoni mwa Januari hadi mwanzoni mwa Februari, mahakama hutoa elimu bure kwa wananchi. Uliza pale kila neno lililokukwamisha.

9. Kutunza, kuazimisha, na kurasa zilizopotea

Rafu iwe mbali na ukuta wa nje kwa upana wa kiganja, maana ukuta hutoa jasho wakati wa mvua, na isiguse sakafu kwa ajili ya mchwa. Usibane vitabu. Kila mwezi vitoe, vipige vumbi, angalia mgongo.

Andika jina lako kwa penseli ndani ya jalada, na usiandike kitu kingine humo. Anayeazima mwambie mapema kuwa kumtaja muuaji mbele ya watu ni kosa.

Kitabu kikikosa kurasa usikitupe. Andika jina lake, mwandishi, mwaka wa toleo na namba za kurasa zinazokosekana kwenye daftari dogo, utembee nalo, uliza maktaba ya mkoa, uliza walimu wa Kiingereza. Mwaka wa toleo ni muhimu, kwa kuwa toleo jingine hupangwa kurasa tofauti. Kile changu cha kurasa sita kilikaa kabatini miezi minne, mpaka mwalimu mmoja wa Tukuyu akaniambia anacho, toleo lilelile. Nilikwenda Jumamosi. Akanipa chai, akanipeleka steshenari nikatoe kopi, na njiani alishikilia kitabu chake mwenyewe kifuani. Nilizikata zile karatasi tatu kwa kipimo, nikazibandika kwa gundi ya seremala, nikaweka tofali. Muuaji nilimjua kesho yake saa mbili asubuhi, nikiwa bado sijanawa uso.